Viska, catlu, zgana: "kuona" yetu inavyogawanyika ukiingia kwenye Lojban

Wengi wanaoanza kujifunza Lojban wanakwama kwenye maneno ya macho. Unakutana na viska, catlu, zgana, ganse, simlu, jvinu, unafungua kamusi unakuta kila neno limepewa mstari mmoja wa Kiingereza uliojaa visawe vinavyogongana, mwisho mtu anaamua atumie viska kila mahali na maisha yanaendelea. Leo naomba tuyafungue haya maneno vizuri, tena kwa Kiswahili, manake sisi tunaotoka kwenye Kiswahili tunajikwaa mahali tofauti kabisa na anapojikwaa Mwingereza, na maelezo karibu yote yaliyopo yameandikwa kwa ajili yake yeye.

Kutenganisha kuona na kutazama hakutusumbui hata kidogo. Mtoto wa darasa la pili anajua ukimwambia "tazama" ni agizo na ukimuuliza "umeona?" unauliza kama kitu kimefika machoni. Tuna kutazama, kuangalia, kuchungulia, kukodoa, kukagua, kushuhudia, na mtaani tuna kucheki. Kinachotusumbua kipo ndani ya hilo hilo neno moja, ona, ambalo tumelipa kazi nyingi mno: tunaona mti, tunaona njaa, tunaona haya, tunaona kwamba fulani kachoka, tunaona bora tuondoke, tunaenda kumuona mgonjwa, na kesho tutaonana. Lojban inazichukua hizi kazi zote na kuzigawa kwa maneno tofauti, na usipojua mgawanyo wenyewe utasema vitu vya ajabu huku sarufi yako iko sawa asilimia mia.

Kwa ambaye ndo anaisikia leo, Lojban ni lugha ya kutungwa. Mzizi wake ni Loglan, ambayo James Cooke Brown alianza kuitengeneza Marekani mwaka 1955, akaitangaza kwa makala kwenye jarida la Scientific American mwaka 1960, nia yake ikiwa kupima ile hoja ya Sapir na Whorf kwamba lugha unayoongea inagusa namna unavyofikiri. Mwaka 1987 kundi la watu waliokuwa wameshindwa kuelewana naye kuhusu haki za lugha wakaanzisha Logical Language Group, wakaunda maneno mapya juu ya msingi ule ule na Lojban ikazaliwa, kisha mwaka 1997 kikatoka kitabu rasmi cha sarufi alichoandika John Cowan. Maneno ya msingi yanaitwa gismu, yapo zaidi ya 1,300, yote yana herufi tano, na yalitengenezwa kwa kuchanganya sauti za lugha sita zenye wasemaji wengi: Kichina, Kihindi, Kiingereza, Kirusi, Kihispania na Kiarabu. Kiswahili hakimo, ila kwenye matamshi tuko nyumbani kabisa kwa sababu irabu a e i o u ni zile zile zetu na mkazo kwenye haya maneno ya msingi unakaa silabi ya pili kutoka mwisho kama tunavyoongea. Kumbuka tu c inasomwa sh, kwa hiyo catlu ni "shatlu", j ni zh ile ya Wafaransa, na ile alama ya ' inasomwa h, kwa hiyo za'a unasoma "zaha".

Kitu kingine cha kushika kabla hatujaingia ndani ni kwamba kila neno la kitendo kwenye Lojban lina nafasi zake zimeshapangwa, nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na maana ya neno imekaa humo kwenye nafasi. Ukitaka kujua tofauti ya viska na zgana usihangaike na tafsiri za Kiingereza, hesabu nafasi zao na uangalie kila nafasi inamngoja nani.

Viska ina nafasi tatu: wa kwanza anaona, wa pili anaonwa, wa tatu ni mazingira ambayo kuona kumefanyikia. Basi. Hakuna nia humo, hakuna umakini, hakuna kuelewa. Mwanga umetoka kwenye kitu ukafika kwenye jicho na mwenye jicho akapata picha, ndo viska hiyo. Mi viska lo tricu, naona mti (mi ya Lojban ni mimi, na lo inatangulia kitu kinachotajwa). Ukisema mi viska lo mlatu lo nu manku umesema unaona paka katika hali ya giza, na hiyo nafasi ya tatu mi naipenda sana kwa sababu inakulazimisha kukumbuka kwamba kuona kunategemea hali, kuna mbalamwezi, kuna ukungu, kuna taa ya kibatari.

Catlu ina nafasi mbili tu: anayetazama na anachokitazama. Haina mazingira, haina kifaa, haina kingine chochote. Hapa ndo kuna kuelekeza macho, kuyapeleka mahali na kuyaacha pale. Ndo maana amri ya kawaida ni ko catlu, yaani tazama, na mtu anaitii palepale. Ukisema ko viska sarufi inakubali, ila maana yake inakuwa "fanya iwe kweli kwamba unaona", sawa na kumwambia mtu "ona!" wakati kitu chenyewe labda kimefichwa na ukuta, atafanyaje sasa.

Sasa chukua kitu ambacho watu wa pwani tunakifanya kila mwaka, kuutafuta mwezi mwandamo jioni ya tarehe 29 Shaabani. Watu wametoka nje, wengine wako ufukweni, wengine juu ya dari, nyuso zote zimeelekea magharibi jua likishazama. Wanachofanya pale ni catlu: mi'a catlu lo tsani, tunatazama mbingu. Wanaweza kufanya catlu nusu saa nzima na viska isitokee hata mara moja, na Lojban inakuruhusu kuyasema yote mawili kwenye sentensi moja bila kigugumizi: mi'a catlu lo tsani gi'e na viska lo lunra, tunatazama mbingu na hatuuoni mwezi. Gi'e inaunganisha vitendo viwili vya mtenda mmoja, na kile kineno na cha Lojban kinakanusha hicho cha pili. (Hiyo mi'a ni "sisi bila wewe unayeambiwa". Ungekuwa nasi pale juu ningesema ma'a.)

Halafu ghafla kijana mmoja anauona, kauzi kembamba kako juu kidogo ya mawingu. Kitendo cha kuona ndo kinaanza hapo, na Lojban ina vineno vya kuonyesha kitendo kimefika hatua gani, kwa hiyo unaweka co'a ambayo ni mwanzo wa kitendo: co'a viska. Wenzake bado wako kwenye ca'o catlu, kutazama kunakoendelea. Mi hii naiona inakaa karibu sana na hisia ya Kiswahili, manake na sisi tukisimulia tunasema "nilikuwa natazama, nikauona", kutazama tunakupa urefu na kuona tunakupa ile -ka- ya tukio linalofuata. Kuna pia za'o, ya kitendo kinachoendelea hata baada ya mwisho wake wa kawaida kupita, kwa hiyo ko'a za'o catlu mi (ko'a ni "yeye") ni mtu ambaye angeshaondoa macho lakini bado anakutazama, yaani anakukodolea.

Ukitumia darubini inakuwaje? Viska haina nafasi ya kifaa, kwa hiyo inabidi uongeze mwenyewe kwa sepi'o, kineno kinachoingiza chombo: mi viska lo lunra sepi'o lo darvistci. Hilo darvistci limeungwa kwa vipande vya darno, viska na tutci, yaani mbali, ona, chombo, na ukiangalia vizuri Lojban inatanguliza kinachofafanua na kumalizia na jambo lenyewe, kinyume na sisi tunaosema chombo kwanza ndo tufafanue ni cha nini.

Na hapa ndo zgana inaingia, kwa sababu yenyewe hicho kifaa inacho tayari. Zgana ina nafasi nne: anayeshuhudia, kinachoshuhudiwa, mlango wa fahamu au njia aliyotumia, na mazingira. Kwa hiyo mi zgana lo lunra lo darvistci imekamilika bila kuongeza kitu. Ila utaona mara moja kwamba nafasi ya tatu haijasema lazima iwe jicho. Inaweza kuwa sikio, pua, ngozi, mkono. Mtu asiyeona kwa macho, ambaye kwa Lojban unaweza kumwelezea ko'a na ka'e viska, hana uwezo wa kuona, anaweza kabisa kufanya zgana: ko'a zgana lo flira lo xance, anausoma uso kwa mkono. Sentensi hiyo huwezi kuijenga kwa viska, na kwa catlu kwa maoni yangu nayo haiwezekani. Kwa hiyo wanaofundisha kwamba zgana ni "kuona kwa makini" wanapunguza, matumizi yake mengi ni ya macho kweli lakini mlango umeachwa wazi makusudi. Ukitaka Kiswahili chake, kushuhudia ndo kunakaribia zaidi, ukitoa ile harufu ya mahakamani.

Ganse iko chini zaidi ya hapo. Ni kuhisi tu, fahamu kunasa sifa fulani: mi ganse lo ka glare, nahisi joto. Kinachoshikwa na ganse ni sifa, ile ka kwenye sentensi ndo inatengeneza sifa. Jvinu nayo siichambui sana kwa sababu imenyooka, ni mandhari, nafasi ya kwanza ni mwonekano wenyewe, ya pili kinachoonekana, ya tatu ni pale ulipo. Ukiwa dirishani unatazama bahari, ti jvinu lo xamsi lo canko. Mtazamaji hana nafasi humo.

Turudi kwa ona yetu, manake kazi kubwa iko huku.

Anza na "naona umechoka". Hapo hujasema habari ya macho yako, umesema habari ya mwenzako na ukadokeza umeipataje. Lojban ina kundi zima la vineno vya kufanya hivyo tu, kuonyesha taarifa imetoka wapi, fikra iliyochukuliwa kwenye lugha za wenyeji wa Amerika, na kwa sehemu kwenye Láadan, lugha nyingine ya kutungwa ya Suzette Haden Elgin. Kineno tunachokitaka ni za'a, ambacho kimetokana na zgana yenyewe: za'a do tatpi, nashuhudia, umechoka. Kiini cha sentensi ni do tatpi, umechoka, za'a imekaa pembeni kutoa ushahidi. Ukisema mi viska lo nu do tatpi umegeuza mambo, sasa sentensi inahusu macho yako yanayotazama tukio la uchovu wake, na mtu wa Lojban atakuelewa ila atashangaa kwa nini unajizungumzia wewe.

Kwenye habari ya mwezi hivi vineno vinafanya kazi nzuri sana. Kijana aliyeuona mwenyewe anasema za'a. Wewe uliyepigiwa simu na shangazi unasema ti'e lo lunra pu se viska, inasemekana mwezi umeonekana, na ti'e ndo ile ya nimesikia. Na kama haukuonekana, mkakamilisha siku 30 za Shaabani kisha mkaanza kufunga, mwezi mpya umeingia kwa hesabu, hakuna aliyeshuhudia, kwa hiyo hapo ni ja'o, nahitimisha. Taarifa ni ile ile kwamba mwezi umeingia, na vineno vitatu vinaonyesha milango mitatu iliyopitia. Kiswahili kinayasema yote haya, ila kwa Lojban yana vineno vyake, kwa kawaida unaviweka mwanzoni mwa sentensi, silabi mbili na umemaliza.

"Naona tuondoke" ni kitu kingine tena. Hapo hakuna macho, hakuna ushahidi, kuna rai. Lojban inataka pe'i, kwa maoni yangu, na kwa kuwa unapendekeza kinachopaswa kufanyika unaongeza .ei: pe'i .ei mi'o cliva. Au ukitaka kusema kwa kitendo kamili unatumia jinvi, kuwa na maoni kwamba. Na lile "naona" la mtu aliyeelezewa kitu akakielewa, wengine wanasema "nimeona sasa", hilo ni jimpe, kuelewa. Viska haihusiki kokote hapo.

Mtihani mmoja unaosaidia ni kuangalia kama baada ya "kuona" unaweza kuweka "kwamba". Viska inapokea kitu au tukio, haipokei wazo. "Nilimuona mtoto anakimbia" ni tukio, kwa hiyo mi pu viska lo nu lo verba cu bajra, ile nu ndo inatengeneza tukio, na macho yako yalikuwepo. Lakini ukikuta nyayo za matope sebuleni ukasema "nimeona kwamba mtoto alikimbia hapa", macho yako yaliona matope tu, kukimbia umekupata kwa akili, kwa hiyo ja'o lo verba pu bajra. "Kwamba" kwa Lojban ni du'u, na du'u inakaa na djuno, kujua, na jinvi, na jimpe, na facki, kugundua. Ukiandika viska lo du'u umesema umeliona wazo kwa macho, na mawazo hayana rangi wala umbo. Hili ndo kosa ninalokutana nalo sana kwenye maandishi ya wanaoanza, na wala si la Waswahili peke yao.

Njaa na wenzake ni rahisi zaidi ukishajua kwamba zina maneno yake. Kuona njaa ni xagji, kuona kiu ni taske, kuona haya ni ckeji, ambayo ina hadi nafasi ya hao watu unaowaonea haya mbele yao. Kuonea huruma ni kecti, kuonea wivu ni jilra. Baridi unaweza kuipitisha kwa ganse, mi ganse lo ka lenku. Kote huko sisi tuna kitenzi kimoja kinachobeba hisia inayotujia kutoka nje au ndani ya mwili, na kusema kweli Kiswahili chetu ukikipima kwa jicho hili unagundua kwamba ona kwetu haijawahi kuwa ya macho peke yake, iko karibu na ganse kuliko viska.

Kuonekana kunahitaji utulivu kidogo kwa sababu tumeficha mambo mawili kwenye neno moja. "Mlima unaonekana kutoka hapa" ni habari ya kufikiwa na macho, kwa hiyo unageuza viska kwa se, kineno kinachobadilishana nafasi ya kwanza na ya pili: lo cmana cu ka'e se viska, mlima unaweza kuonwa. Lakini "anaonekana amechoka" inahusu dalili alizonazo, na huenda hajachoka kabisa. Hiyo ni simlu: nafasi ya kwanza ni mwenye dalili, ya pili sifa anayoonekana kuwa nayo, ya tatu anayemtazama, ya nne mazingira. Ko'a simlu lo ka tatpi. Simlu haiapi kwamba uchovu upo kweli, na hiyo ndo tofauti yake na za'a do tatpi, ambapo umeshatamka kwamba amechoka na ushahidi umeutoa. Mwingereza anapotea hapa kwa sababu lile neno lake la kutazama ndo analitumia pia kwa kuonekana, kwa hiyo anakimbilia catlu. Sisi hatuwezi kufanya kosa hilo. La kwetu ni kukimbilia se viska, na kusema uchovu unaonekana kama mlima unavyoonekana.

Kuna kitu kidogo kwenye simlu ambacho ukikikosa sentensi inageuka kabisa. Tuseme unataka kumwambia mtu "machoni pangu unaonekana umechoka", unataka kujaza nafasi ya tatu, unaandika do simlu lo ka tatpi mi. Hapana. Ile ka imefungua chumba na hujakifunga, kwa hiyo mi imeingia humo ndani ikakaa kwenye nafasi ya pili ya tatpi, nafasi ya kinachomchosha mtu, na umemwambia "unaonekana umechoshwa na mimi". Dawa yake ni kei, ambayo inafunga chumba: do simlu lo ka tatpi kei mi. Sasa mi imetoka nje na kukaa kwenye simlu ulikoitaka.

Kuonana, ile ya kukutana, ni penmi. Kwenda kumuona mgonjwa ni vitke, kutembelea. Macho yanaweza kuwa yamefumbwa muda wote na penmi na vitke zikawa kweli. Lakini watu wawili wanaoonana kweli kweli, wewe upande ule mimi upande huu na kila mmoja anamuona mwenzake, hapo viska inarudi ikiwa imeunganishwa na simxu, ambayo ndo kauli yetu ya kutendana: visysi'u. Ile y katikati imewekwa kwa sababu Lojban haikubali konsonanti moja kurudiwa mfululizo, vissi'u hairuhusiwi, kwa hiyo wanachomeka y isomeke kama kairabu kafupi. Na kuangalia nako kuna mtego wake mdogo: "niangalizie mtoto nafika sokoni" si catlu hata chembe, ni kurji, kutunza. Anayefanya catlu kwa mtoto akamtazama tu anavyoelekea kwenye jiko la mkaa, catlu ameitimiza vizuri na kurji hajaifanya. "Angalia usianguke" nayo ni jundi, kuweka umakini: ko jundi. Hiyo jundi ndo inayosaidia pia upande wa masikio, kwa sababu Lojban ina tirna, kusikia, sawa na viska, lakini kusikiliza haina gismu yake, inaungwa kwa tirna na jundi ikawa tinju'i. Macho yalipewa catlu bure, masikio yakaambiwa yajijengee.

Jambo lingine ambalo nadhani ni zuri sana kwenye viska ni kwamba haikudai uwe umekitambua ulichokiona. Umepita shambani ukaona kitu kirefu cha kahawia kwenye majani ukadhani ni kamba, baadaye ukaambiwa alikuwa nyoka. Ulimuona nyoka? Kwa Lojban, ndiyo: mi pu viska lo since gi'e na djuno lo du'u ri since, nilimuona nyoka na sikujua kwamba huyo ni nyoka. Sentensi imesimama, haijipingi, kwa sababu neno lo since ni la msimuliaji anayejua sasa, viska ni ya jicho lililokuwa pale, na djuno ndo inabeba utambuzi. Ukitumia zgana hapo watu wataanza kubisha, wengine watasema kushuhudia kunadai angalau umegundua kwamba kuna kitu, na mi niko upande wao.

Kutafuta nako kunaguswa hapa kwa sababu mtaani tunasema "ngoja niangalie kama ipo". Kwa Lojban hiyo ni sisku, na nafasi yake ya pili inataka sifa, haitaki kitu. Mi sisku lo ka gerku, natafuta chochote chenye sifa ya kuwa mbwa. Walifanya hivyo ili kutatua fumbo la zamani la wanamantiki: mtu akisema natafuta mbwa, je, kuna mbwa fulani anayemtafuta au mbwa yeyote atamfaa? Na je, ikiwa hakuna mbwa hata mmoja eneo zima, sentensi inakuwa ya uongo? Ukiweka sifa fumbo linaisha, unaweza kutafuta kitu ambacho hakipo. Viska haiwezi kukupa uhuru huo, ukisema unamuona mbwa basi mbwa yupo. Wale waliokuwa juu ya dari waliweza kufanya sisku kwa mwezi ambao siku hiyo hauonekani mahali popote. Catlu walifanya kwa mbingu, ambayo ipo kila siku.

Watu wanapenda kusema Lojban haina utata, na kauli hiyo inabebwa kupita uwezo wake. Kisicho na utata ni sarufi: kompyuta inaweza kuichambua sentensi na kupata muundo mmoja tu. Mipaka ya maana kati ya catlu na zgana haikuchorwa na kompyuta, inachorwa na watu wanaoitumia, na bado wanabishana. Chukua sinema. Kuangalia muvi ni catlu lo skina au zgana lo skina? Wote wawili utawakuta. Mi natumia zgana, kwa sababu muvi ina sauti na nusu ya utamu inaingia kwa masikio, ukisema catlu umemwelezea mtu aliyezima sauti. Picha iliyoko ukutani haina mjadala, catlu lo pixra, na kuwa makini, kuona picha ya mbwa ni viska lo pixra be lo gerku, umeiona picha, mbwa mwenyewe hujamuona. Kuchungulia pia hakuna gismu, unaunga mwenyewe: mipri catlu, kutazama kwa kificho, lakini maneno mawili yakikaa hivyo uhusiano wao umeachwa wazi, na mwingine anaweza kudai mipri catlu ni kutazama kitu cha siri. Usipofafanua huna pa kumbania.

Na kamera ya ulinzi pale getini, inaona? Wengine wataandika viska, kwamba mwanga umeingia na picha imepatikana, masharti yametimia. Mi siandiki hivyo, kwa sababu "picha imepatikana" kwenye viska nachukulia kuna mwenye kuipata, na kamera haina huyo mtu ndani yake. Lojban imeipa neno lake, kacma, lenye nafasi ya mandhari inayonaswa na nafasi ya pale inapohifadhiwa, kwa hiyo kazi yote ya kamera inasemeka bila kuazima macho ya mtu. Mlinzi anayekaa mbele ya skrini ndo anafanya catlu. Picha ya mwizi ikipita kwenye skrini na mlinzi asiigundue, viska ya hiyo picha ilikuwepo na zgana haikuwepo, na ukiandika ripoti kwa Lojban utalazimika kuchagua moja.